Kitaa Chekundu cha Bi Mkunga

Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako walianza na chawa. Mtu hujikuna usiku kucha, akaulaumu mkeka, akamlaumu na mwenzake wa chumbani, kumbe mdudu yumo katika pindo la shati lake mwenyewe. Kinachotudhuru mara nyingi hakitoki mbali. Bi Mkunga aliijua methali hii tangu utotoni, na alipenda sana kuwatolea wengine.

Jina hilo lilimganda hata baada ya kustaafu kuzalisha. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuja msibani na mkoba mmoja akasahau kuondoka. Walitaniana asubuhi, wakagombania rimoti jioni, na upweke ukakosa pa kukaa. Marehemu aliacha gari dogo la kijivu. Bi Mkunga aliliendesha kwa nadra, akienda kupimwa shinikizo la damu. Siku nyingine zote lililala uani chini ya turubai.

Siku moja alizungusha ufunguo, gari likalia tik, tik, kisha kimya. Betri ilikuwa imekwisha. Kwenye kiti cha mbele aliona kibanio cha nywele cha wifi yake.

"Wifi, kumbe unasikilizia redio humu?"

"Redio gani? Nakaa tu, namkumbuka kaka yangu. Sigusi kitu."

Bi Mkunga hakuamini. Alimwita fundi wa umeme wa magari, betri ikachajiwa, kisha akaagiza gari lifungwe king'ora. Tangu hapo kitaa chekundu kilimetameta kwenye dashibodi mchana na usiku.

"Hicho cha nini?" wifi aliuliza.

"Cha wezi."

Wifi alielewa. Hakukanyaga tena ndani ya gari lile, na mezani utani ukapungua.

Betri ilikufa tena, safari hii mapema zaidi. King'ora hakikuwa kimelia hata mara moja, lakini shaka haikosi jibu: bila shaka wifi alikuwa amejifunza kukizima. Bi Mkunga aliingia jikoni akifoka.

"Wahenga hawakukosea! Kikulacho ki nguoni mwako!"

Wifi aliweka mwiko chini. "Nilikuja na mkoba mmoja," alisema taratibu. "Nitaondoka nao huo huo." Akashika njia ya stendi.

Fundi alifika muda si mrefu. Aliunganisha nyaya kutoka betri ya gari lake, injini ikanguruma. Kisha akapimapima, akatikisa kichwa.

"Mama, gari likilala, betri hupungua yenyewe, hata asipoligusa mtu. Na king'ora hiki kinainyonya usiku na mchana. Anayeendesha kila siku hatambui, maana injini huichaji tena. Kosa langu pia, sikukuuliza unalitumia mara ngapi."

"Lakini mara ya kwanza hakikuwepo."

"Mara ya kwanza lililala tu, mama. Lilalapo sana, hujimaliza."

Bi Mkunga aligeuka kutazama njia ya stendi. Aliona aibu, kisha akaona hofu: basi la wifi yake lingeweza kuwa limeshaondoka.

"Kichomoe," alisema. "Kichomoe sasa hivi!"

Fundi alikichomoa, akamwonya asizime injini mpaka betri ishibe.

Wifi alikuwa bado kwenye benchi la stendi, mkoba mapajani, macho yamevimba. Gari lilisimama mbele yake likinguruma.

"Shuka basi, uzime hilo gari tuongee kama watu," wifi alisema bila kumtazama.

"Siwezi. Nikizima haliwaki tena."

Wifi alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Bi Mkunga hakucheka.

"Nilikusingizia, wifi yangu. Hukugusa kitu. Kilichokuwa kikiimaliza betri nilikifunga mwenyewe, kwa shaka zangu. Nisamehe. Nyumba ile siiwezi bila wewe."

"Na kile kiti cha mbele, cha kumkumbukia kaka yangu?"

"Utakikalia utakavyo. Tena tukitembea, maana fundi anasema gari linataka kutembezwa."

Wifi aliingia, akaukumbatia mkoba wake. Walipofika kona ya nyumbani, Bi Mkunga hakukata. Alinyoosha mbele ili betri ishibe, na ili machozi yamkauke. Methali aliyomrushia mwenzake ilikuwa imemrudia mwenyewe. Alikuwa amemtafuta mwizi jikoni na uani, asijipekue moyoni mwake, ambamo shaka ilikuwa imekaa ikimla kidogo kidogo, mchana na usiku. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.