Uyoga wa Kichuguu

Mpo? Basi semeni polepole, sufuria isitusikie.

Nyamizi alikuwa mke mgeni ukweni. Asubuhi moja, mvua ilipokatika, alichuma uyoga kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Mama mkwe wake, aliyekuwa barazani, akamwonya, “Mwanangu, uyoga wa pale tunauchana kwa vidole. Usiutie kisu.”

“Sawa, mama.”

Lakini uyoga ulikuwa mwingi, naye alikuwa na haraka. Akaingia jikoni, akashika kisu.

Akakata wa kwanza. Barazani, mama mkwe akaguna. Akakata wa pili. Mama mkwe akaguna tena. Akakata wa tatu. Mama mkwe akaguna kwa nguvu; Nyamizi akaweka kisu, uliobaki akauchana kwa vidole.

Nyamizi akauosha, akaubandika jikoni, akautia karanga. Ulipoiva, mama mkwe akaingia, mkono mmoja ameufunga khanga. Akafunua sufuria, akanusa, akaketi.

“Uyoga ule ukichanwa, siumii,” alisema taratibu. “Nilikwambia, mwanangu.”

Akafungua khanga. Vidole vitatu havikuwepo. Damu pia haikuwepo, na palipokatwa palikuwa peupe kama uyoga.

“Mvua ijayo vitaota tena. Sasa pakua, tule.”

Hadithi yangu nimeiepua. Mwenye kisu akiweke chini.