Miche Mia Mbili ya Mwaluma

Kaunti ilipoleta miche mia mbili ya bure kwa wenye mashamba yanayomomonyoka, Mwaluma, tajiri aliyekuwa akigombea kiti cha wadi, aliichukua yote, ingawa shamba lake lilikuwa tambarare. Mjane Mghoi, ambaye kila mvua ilibeba udongo wa shamba lake la mteremkoni, hakupata hata mmoja. Akaenda kubisha hodi kwa tajiri.

"Mzee, naomba kuokota kuni msituni mwako."

"Msitu gani?"

"Si una miti mia mbili ya serikali? Serikali ikija kuweka bango la hifadhi ya msitu, ng'ombe utawalisha wapi?"

Mwaluma akashtuka. "Mama, ichukue yote!"

"Na mashimo nichimbe kwa mgongo huu?"

Siku hiyohiyo vibarua wa Mwaluma wakaipanda miche yote kwa Mghoi.

Wiki iliyofuata Mwaluma alimwuliza bwana shamba habari za bango, na bwana shamba akacheka mpaka akashika mbavu. Mwaluma akapanda mteremko hadi kwa Mghoi akifoka.

"Umenidanganya! Naing'oa miche yote!"

"Mimi niliuliza tu, mzee. Ing'oe. Ila nimemwambia bwana shamba kwamba umempandia mjane miche, na kesho anakuja na wanakijiji kukushukuru."

Mwaluma akauliza ndoo ya kumwagilia iko wapi.