Viazi vya Blanketi la Mama

Kaeni karibu, na anayetaka kusinzia akalale sasa hivi, maana mwishoni nitamuuliza kila mtu jibu lake. Sitaki kusikia "mimi sikusikia vizuri". Nimekwisha kuwasimulia hadithi hii watu wengi, na wengine waliondoka hapa hawasemeshani.

Juu huko milimani, kwenye baridi ya viazi, alikuwako mzee mmoja aliyeitwa Ambakisye. Alikuwa na mke mgonjwa wa kifua na watoto watatu wakubwa, wote wamerudi nyumbani baada ya maisha kuwashinda kwingine. Wa kwanza, Tusekile, alikuwa fundi wa kushona. Ukimpa kitambaa chochote na sindano, umemaliza kazi. Wa pili, Gwakisa, alikuwa na mgongo wa kubebea mzigo uliowashinda wanaume wawili. Wa mwisho, Subilaga, alikuwa na kipaji ambacho watu hawakukiona kuwa ni kipaji: alijua kuweka kitu na kutokukigusa. Subilaga alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Bupe.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mbegu za viazi hukatwa na baba mwenye nyumba peke yake, siku moja, kwa kisu alichoachiwa na baba yake. Na kisu hicho, wakati wa mbegu, hakioshwi. Walisema kukiosha ni kuosha baraka. Vile viazi vidogo vidogo visivyohitaji kukatwa, huwekwa pembeni. Hiyo ni haki ya watoto, wachomewe jivuni.

Mwaka huo Mzee Ambakisye aliongeza mbegu za kununua sokoni, nzuri za kupendeza macho. Akakata. Kiazi kimoja kikatoa ute mweupe. Mzee akafuta kisu kwenye suruali yake akaendelea, kiazi kwa kiazi, mpaka jioni. Mnajua ule ulikuwa nini? Mnyauko. Ukiingia kwenye kiazi unapita na kisu, unaingia kwenye kiazi kingine, na ukishaingia ardhini unakaa miaka. Shamba lote lilinyauka likiwa bado kijani, kuanzia ukingo wa mto mpaka nyuma ya choo.

Majirani wakawakataza kukanyaga mashamba yao. Huwezi kuwalaumu. Na vibarua vikakosekana, kwani nani atamruhusu mtu mwenye jembe la mnyauko aingie kwake? Mwaka wenyewe ulikuwa wa sakitu, ile baridi inayounguza majani, kila nyumba ina njaa yake. Mzee akakaa mlangoni na kisu chake akasema mbele ya wote: "Atakayerudisha viazi kwenye nyumba hii, kisu ni chake na nyumba ni yake." Wakati anasema, aliwaza kwamba atakayeweza ni mtu mmoja. Hakuwaza watatu.

Tusekile ndiye aliyesema, "Kama ardhi inaumwa, tupande pasipo ardhi. Tupande uani, kwenye mifuko." Walijaribu kwanza mboga kwenye mifuko ya nailoni, maji yakasimama, mizizi ikaoza. Viroba vya zamani vilikwisha kubeba viazi vyenye ugonjwa, vikachomwa moto. Ikabaki nguo, inayopitisha maji na hewa. Akakata makoti, akakata sketi zake mbili za kanisani, hazikutosha. Kitambaa kizito kilichobaki ndani ya nyumba kilikuwa blanketi la sufu alilojifunika mama yake. Akaingia chumbani na mkasi. Alipotoka alikuwa nalo begani, akasema, "Mama amesema kata." Akalishona mifuko yenye midomo mirefu, ya kukunjwa chini mwanzoni na kukunjuliwa kadiri shina linavyopanda. Mama yao alifunikwa khanga mbili kuukuu. Hakuuona mwezi uliofuata. Kwao maiti huzikwa na blanketi lake, lakini la mama lilikuwa uani limejaa udongo, kwa hiyo akazikwa na khanga zile zile.

Gwakisa alileta udongo. Ulitakiwa udongo usiowahi kuonja kiazi, na huo ulikuwa juu kabisa kwenye msitu wa mianzi, njia ya kupanda kwa mikono. Alinawa miguu mtoni kabla ya kupanda, akabadilisha nguo, akatumia kikapu kipya, asije akaubeba ugonjwa mwenyewe. Akashuka na kupanda mpaka mifuko yote ikapata udongo wa kutosha kuanzia. Mashina yakainuka, mifuko ikakunjuliwa, ikadai udongo tena, naye akapanda tena. Safari ya mwisho mvua ilikuwa imelowesha mteremko. Akateleza, mguu ukavunjika chini ya goti, ukaoza kabla ya kufikishwa hospitali, ukakatwa. Siku ile walipompata alikuwa bado na kikapu mgongoni, na udongo umo. Walimlaza ndani, wakautia udongo kwenye mifuko.

Subilaga alileta mbegu. Siku ile ya kisu alikuwa ametenga debe la vile vidogo, kisu hakikuvigusa. Vilikuwa vya Bupe, kwa desturi. Akavificha uvunguni vichipue. Njaa ilipokaza, Bupe alijua vipo, maana mtoto hadanganyiki kuhusu chakula.

"Mama, kimoja tu."

"Subiri, mwanangu. Tukivila leo tumekwisha."

Bupe akasubiri, mtoto msikivu yule. Homa ikampata akiwa hana nguvu ya kupigana nayo, ikamchukua kwa siku chache. Subilaga alimzika mwanawe, akarudi nyumbani, akatoa debe uvunguni. Vilikuwa vimechipua vizuri. Akavipanda mwenyewe, macho ya viazi yakiangalia juu.

Majani yalipokauka, walimwaga mfuko wa kwanza juu ya mkeka. Viazi vikabingirika, vinono, ngozi safi. Mzee akanyoosha mkono kuchukua kisu chake akate kiazi kimoja aone kama kina ute. Tusekile akamshika mkono. "Hapana, baba. Si hicho." Akakikata kwa mkasi wake aliouchemsha, wakakibinya. Hakikutoa kitu. Kilikuwa kizima.

Hakuna aliyeshangilia. Walichambua, vikubwa huku, vya mbegu huku. Subilaga mkono wake ulikuwa unatenga vile vidogo pembeni, kwa mazoea, mpaka ikawa chungu ndogo. Alipokiona alichokuwa anakifanya, akaacha, akafunika uso wake kwa khanga.

Sasa tatizo ni hili, lishikeni vizuri. Shamba halitapona karibuni. Mifuko ile ya uani inatosha kulisha jiko moja tu. Wakibaki wote watatu watamaliza chakula, kisha watamaliza mbegu, na mambo yarudi yalikoanzia. Anayepewa kisu anabaki na baba na mifuko. Wawili watafunga mizigo kabla ya mvua za kupandia, na hakuna kijiji cha jirani kitakachowapokea, watu wa nyumba ya mnyauko.

Mzee Ambakisye akasema, "Nimeshindwa. Semeni wenyewe."

Tusekile akasema, "Bila mifuko, udongo ungemwagwa wapi? Na mimi ndiye niliyewaza."

"Umewaza," Gwakisa akamjibu, "lakini hukulipa. Aliyelipa ni mama. Subilaga naye, aliyelipa ni mtoto. Mimi peke yangu nimelipa kwa mwili wangu. Dada, utanifukuza niende wapi na gongo hili la kutembelea?"

"Mama alisema kata."

"Nani mwingine alimsikia?"

Tusekile akaufungia mkasi ndani ya nguo yake. Wakamgeukia Subilaga.

"Mguu wako, kaka, wewe ulikwenda nao mlimani," akasema. "Hukujua kwamba utaupoteza. Mimi nilijua. Kila siku nilikuwa nikimwangalia Bupe, na debe lipo. Kama hamnipi nyumba, niambieni basi nilikuwa namnyima kwa ajili ya nini."

Basi, niangalieni. Najua mnayotaka kusema. Wewe usiniambie wagawane, nimekwisha kusema jiko ni moja. Na wewe usiniambie apewe mama, wala Bupe. Waliotoa zaidi labda ndio hao, lakini wamelala chini, na nyumba haiwafai tena. Usiniambie kisu kitupwe mtoni. Kitupwe, sawa. Wawili bado watafunga mizigo.

Mawingu yamekwisha kukaa juu ya msitu wa mianzi. Uani mifuko ya blanketi imeanikwa, inasubiri udongo. Mwenye mkasi amesimama, mwenye gongo amekaa, na yule wa tatu ana chungu ndogo ya viazi visivyo na mlaji. Mzee ameingia ndani, amekuachia wewe kisu. Unampa nani, na hao wawili utawaambia nini mlangoni?