Salamu za Semdoe

Nyamazeni kwanza. Aliye na kikohozi akikohoe sasa akimalize, maana mimi nikianza sirudii, na mwenye haraka zake aende salama.

Zama hizo Ngurumba haikuwa Ngurumba. Ulikuwa mlima mtupu wa nyani na ukungu, na sisi hatukuwa kabila, tulikuwa mabaki tu, koo saba zilizokimbia vita na njaa, kila ukoo na visu vyake kiunoni, hakuna anayekula kwa mwenzake. Ndipo akatokea Semdoe wa Mkomwa, Mkomwa wa Kibanga, Kibanga wa Zumo, Zumo wa yule mwanamke mwindaji aliyeupanda mlima huu peke yake na mimba ya miezi minane. Semdoe Mvunja Miamba! Semdoe Kifua Mlango, aliyelibingirisha jiwe la ukubwa wa nyumba likaziba njia ya watekaji, kisha akaketi juu yake akatafuna muwa huku wao wakimtukana kutoka upande wa pili. Huyo ndiye aliyezilisha koo saba chungu kimoja, akatamka: "Kuanzia leo, akikuulizeni mtu nyinyi ni nani, semeni ni watu wa Ngurumba."

Watu wa Boma walipokuja na bunduki zao wakataka Ngurumba yote ishuke ikavunje mawe ya barabara, Semdoe alikataa, akapigana nao miaka mitatu. Walimpata siku moja tu, akioga katika kidimbwi cha siri, uchi kama alivyozaliwa, mkuki wake ukingoni. Na kidimbwi hicho walikijua watu wanne: Semdoe mwenyewe, mkewe Nyange, mama mkwe wake Mazoya, na mwana wa kiume wa Mazoya, aliyekuwa akilinda njia siku ile. Huyu kijana alirudi na jeraha kisogoni, akasema alipigwa jiwe kwa nyuma, hakuona kitu. Watu waliliona jeraha, wakampa pole.

Basi watu mia tatu walikuwa wamejificha katika pango kubwa, chakula kimebaki cha siku mbili. Njia za kutokea zilikuwa mbili, bondeni na mgongoni mwa mlima, na kila mtu alizijua zote. Lakini nani angethubutu kutoka? Aliyemuuza Semdoe yumo humo humo pangoni, anakula nao, analala nao, na njia yoyote watakayoichagua, askari watakuwa wameshatangulia kuwangoja. Mtu akienda haja, wawili walimfuata. Mama akinong'ona na mwanawe, jirani alitega sikio. Aliyetazamwa zaidi ni Mazoya, kwa sababu aliipinga ndoa ya bintiye waziwazi, na watu wa kwetu, mnajijua, neno la miaka kumi iliyopita hatulisahau.

Ikaja habari kutoka Boma: Semdoe atanyongwa kesho jua likisimama utosini, na asubuhi yake ameruhusiwa kuonana na mtu mmoja tu. Alimtaka nani? Alimtaka Mazoya.

Loo, pango lilivuma! Mtu na mama mkwe wake? Kwa desturi yetu mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawatajani majina, na kama kuna jambo lazima lisemwe, huwekwa jiwe kati yao, kila mmoja akaliambia jiwe. Watu walimtazama Mazoya, naye akaona kabisa wanavyowaza. Naye alikuwa na yake moyoni. Ananiita kwa nini? Ananishuku mimi? Anataka kunilaani kabla hajafa? Alijifunga kaniki yake vizuri, akashuka mlima alfajiri bila kumuaga mtu.

Bomani alipokewa na mkalimani, jina lake Feruzi, mtu mwenye sauti laini aliyejifunza lugha yetu mpaka mafumbo yake. Feruzi hakuamini hata kivuli chake mwenyewe. Alimpekua Mazoya kwa mikono yake, akafumua mpaka nywele zake zilizosukwa, akaweka kigoda chake katikati ya chumba.

"Bibi," alisema, "mtasema nisikie. Ikitajwa njia, hutoki. Akitajwa mtu kwa ubaya, hutoki."

Mazoya akaingia kinyumenyume, akaketi akiwa amempa mkwewe mgongo. Alisikia minyororo ikiburuzwa, akajua naye Semdoe amegeuka. Feruzi akaruka kutoka kigodani.

"Hii ni hila gani? Tazamaneni!"

"Unatutaka tuwe mbwa?" Mazoya alimjibu. "Leta jiwe."

Wakabishana mpaka jiwe likaletwa, nalo Feruzi akaligeuza mara tatu kuona kama kuna kitu chini yake.

"Jiwe," alisema Semdoe, na sauti yake ilikuwa imekauka lakini haikutetemeka, "muulize mzazi wangu kama ameamka salama, nami nimeamka. Sina wosia. Nina salamu tu. Nisalimie mke wangu Nyange. Nisalimie mzee Tengeza na goti lake bovu. Nisalimie Sangoda, na wanawe Kopwe na Chanzi. Nisalimie yule kiziwi anayechunga mbuzi."

Akaendelea. Nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko, wazee, wagonjwa, mapacha ambao hawajapewa majina, mpaka mbwa wake Karamka akamsalimu. Feruzi aliandika kila jina, akatafuta njia iliyofichwa ndani yake, asiione. Na Mazoya alikuwa akiwahesabu kwa vidole vyake chini ya kaniki. Nyumba yake Mazoya mwenyewe ilipofika, Semdoe akawasalimia binti zake Mazoya watatu, mmoja mmoja, Nyange akimrudia, kisha akapita nyumba ya pili.

Vidole vya Mazoya vilisimama. Alizaa wanne.

Amesahau, alijiambia. Wamempiga kichwani, mtu aliyepigwa kichwani husahau. Kisha akawaza, mbona mbwa hakumsahau? Kisha likamjia jambo baya zaidi. Labda mtu huyu nyuma yangu ndiye aliyevunjika, labda alisema mwenyewe kwa mateso, na sasa anatafuta wa kumbebesha. Si waliwahi kugombana, yeye na mwanangu, mwaka ule walipogombea ngao? Ndugu zangu, mama huyo alitafuta kila mlango wa kutokea.

"Jiwe," alisema mwishowe, "muulize mwanangu kama hakuna aliyemsahau. Jua bado liko chini, nafasi ipo."

Semdoe akajibu. "Jiwe, nimewataja wote walio wangu."

Feruzi aliinua kichwa. Akamtazama huyu, akamtazama yule, kalamu mkononi. Hakuwa amesikia njia wala ubaya wa mtu.

"Na mwambie mzazi wangu," Semdoe akaongeza, "chakula chake miaka yote kilikuwa kitamu. Nilikuwa naona haya kumwambia."

Mazoya alitoka bila kugeuka. Alitaka kugeuka, nakuambieni, shingo ilimuuma kwa kutaka.

Mtoni alimkuta mwanawe anamngoja. Wapita njia wote waliokutana na Mazoya akirudi, hata waliomchukia Semdoe, walimuuliza, Yu hai? Amekula? Wamemfanya nini? Kijana akamshika mkono, akasema:

"Mama, alinitaja?"

Mazoya alimtazama. Alikiona kile kidevu alichokuwa akikifuta uji.

"Alikutaja," alisema. "Alikutaja wa kwanza kabisa."

Na kijana akashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo, mpaka mabega yakalegea. Laiti angelia! Laiti angemuuliza kama mwenzake ana kiu! Mazoya akajishika kwenye jiwe la kivukoni.

"Ameomba wewe uuchukue mwili wake," alimwambia. "Nenda ukangoje Bomani. Sisi tuko pangoni, hatuendi popote."

Kijana akaenda. Mama akabaki akimtazama mpaka lango la Boma, akaona askari wa zamu anamfungulia bila hata kumuuliza jina.

Mazoya alipanda ule mlima kwa pumzi ya msichana. Pangoni alisema maneno machache tu: "Tunatoka sasa hivi, mgongoni mwa mlima. Wote tuliopo." Mzee Tengeza akamuuliza, je, mwanao? Akajibu tena, "Wote tuliopo." Hapo hakuna aliyemuuliza kitu kingine, na wale waliokuwa wakimshuku wakainamisha macho, wakambebesha Mazoya mtoto mmoja mgongoni, wakatoka.

Huku Bomani askari wote walipangwa gwaride, jua likakaribia utosini. Bwana Shauri, mkuu wa Boma, akamuuliza Semdoe kama ana neno. Semdoe akasema kwetu mtu hafi kabla hajawaita mababu zake wampokee, na akakubaliwa. Akaanza. Aliwaita wa baba na wa mama, wakubwa na wadogo, na wake zao, na ng'ombe wao kwa rangi. Jua likafika utosini likapita. Askari walianguka kwa joto. Feruzi alimsogelea, amekunja uso.

"Hawajaisha?"

"Bado," alisema Semdoe. "Sisi ni wengi."

Alipofika kwa yule mwanamke mwindaji, kivuli cha mti wa kunyongea kilikuwa kimelala mbali, na juu kabisa, mgongoni mwa mlima, vumbi jembamba la watu wake lilikuwa limeshatulia. Akapatazama. Akasema, "Sasa wameisha," akakiingiza kichwa mwenyewe kitanzini. Ndivyo alivyoondoka Semdoe Mvunja Miamba, na askari walipofika pangoni walikuta majivu ya baridi.

Kwa hiyo hapa kwetu hakuna cha kusema "wasalimie wote". Tunataja mmoja mmoja, hata kama chakula kitapoa, na mtu akipitwa anakuja mwenyewe mbio, jasho linamtoka, kuuliza kulikoni. Yule kijana Boma walimpa kofia ya ujumbe, awe mkuu wa kijiji. Akawa jumbe wa pango tupu.

Mazoya aliishi akazeeka sana, na kila alipoulizwa uzazi wake alisema watatu. Siku ya kufa kwake alianza kuwaita wanawe wamsogelee. Akamtaja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akavuta pumzi, akafungua mdomo tena, na wanawake waliokuwa wamemzunguka wakaelewa linalokuja. Wakaangua kilio cha msiba, wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, ili wasilisikie jina la nne, naye angali hai.