Kionjo cha Shilingi Mbili

Masikio!
— Yako wazi!
Midomo!
— Imefumbwa!
Na mwongo leo ni nani?
— Ni wewe!
Ahsanteni. Basi niacheni niongope kwa raha zangu. Na wewe uliyekaa mlangoni, sogea ndani, unatuzibia hewa.

Hapo kale palikuwa na bonde kando ya mto, na katika bonde hilo kila mnyama alipenda wiski. Si wiski hivi hivi tu, la! Wiski ya Ayalandi. Korongo ndiye aliyekuwa akiileta, kila anapokimbia baridi ya Ulaya, chupa moja chini ya bawa hili, kipipa chini ya bawa lile. Alisema wenyewe huko huipika kwa shayiri, wakaipika tena, wakaipika mara ya tatu, kisha wakailaza ndani ya pipa miaka mingi mpaka inakuwa laini. Basi bonde zima likajaa wajuzi. Jioni ungemkuta Tumbili kashika glasi, anainusa, anaizungusha, anafumba macho: "Naisikia harufu ya ganda la chungwa." Ngiri naye husema: "Mimi naisikia nyasi zilizonyeshewa." Kwa Ngiri kila kitu kina harufu ya nyasi, lakini nani amwambie?

Mkubwa wao alikuwa Kiboko. Siku moja aliwakusanya akasema, "Mwenye mdomo mkubwa kuliko wote hapa ni nani?"

"Ni wewe, Bwana Kiboko."

"Basi mimi ndiye Mpimaji."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu ya mdomo huohuo. Akatunga sheria. Wiski yoyote isiuzwe wala isibadilishwe mpaka ipite kwanza kwake. Kionjo ni mdomo mmoja uliojaa, uwe mdogo, uwe mkubwa. Na bei atakayotaja Mpimaji baada ya kuonja ndiyo bei: mwenye pesa mkononi analipa anachukua, mwenye mali hana ruhusa ya kukataa. Atakayebisha atakanyagwa. Na Kiboko akikukanyaga hubaki mnyama, unabaki mkeka.

Sasa sikilizeni alivyokuwa akionja. Swala alileta chupa yake. Kiboko akainusa: fuu! fuu! Akapanua mdomo: bwaa! Akamimina: gudu gudu gudu! Akajilamba: nyap! Halafu akakunja uso kama aliyelamba shubiri. "Ya jana hii. Shilingi mbili."

Shilingi mbili zikatupwa mchangani, chupa ikaingia bandani kwa Kiboko. Kesho yake chupa ileile ikatoka imefungwa kitambaa chekundu shingoni. "Wiski ya miaka thelathini! Glasi shilingi mia!"

Kobe naye akaleta yake. Fuu! fuu! Bwaa! Gudu gudu gudu! Nyap! "Ya jana hii. Shilingi mbili." Kesho yake kitambaa chekundu. Miaka thelathini, glasi shilingi mia. Na wajuzi wetu wakanunua, wakafumba macho, wakasikia maganda ya machungwa. Bei ikipanda na utamu unapanda, ndivyo walivyokuwa, na wala sisemi kwamba mnawafahamu wengine wa namna hiyo.

Haya. Bondeni humo aliishi Panya Buku, mjane mwenye watoto wanne. Shimo lake lilikuwa chini kabisa, karibu na mto. Masika yaliyopita maji yaliingia ndani, akashinda amewabeba watoto kichwani huku yeye mwenyewe maji yakimfika kidevuni, na aliapa kwamba masika mengine hayatamkuta pale. Mali yake ilikuwa moja tu: pipa la wiski. Marehemu mumewe aliwahi kumtafunia Korongo kamba za mtego, na Korongo, mtu mwenye shukrani, akamletea pipa zima.

Kilimani aliishi Nungunungu, mwenye mashimo mawili makavu, na mpenzi wa wiski kiasi kwamba akiisikia harufu yake miiba inamsimama. Alikuja akaunusa ule ubao wa pipa, miiba ikalia cha! cha! cha!

"Mama Buku," akasema, "nipe hili pipa, nami nakupa shimo moja la kilimani. Na mlango nakutengenezea."

"Kweli, kaka?"

"Haki ya Mungu."

Lakini sheria ni sheria. Pipa lilipaswa kwanza kwenda kwa Mpimaji. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya milimani, basi Panya Buku hakungoja. Akalisukuma pipa, kurukuru, kurukuru, mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mpimaji."

"Marahaba. Weka hapo."

Fuu! fuu! Bwaa! Gudu gudu gudu gudu gudu! Nyap! Theluthi ya pipa ikaenda. Kiboko macho yakamng'aa, maana hajapata kuonja kitu kama kile tangu azaliwe. Kisha akakumbuka kukunja uso. "Ya jana hii. Shilingi mbili."

"Ya jana? Bwana wee, mume wangu alifariki miaka mitano iliyopita, na aliiacha ndani!"

"Basi alifariki jana. Shilingi mbili. Unabisha?" Akanyanyua mguu.

Panya Buku akaokota shilingi zake mbili. Njiani akalia, msinicheke, akalia machozi kabisa, akayafuta kabla hajafika nyumbani. Watoto wakamuuliza, "Mama, tunahamia lini kilimani?" Akasema, "Karibu." Sasa aseme nini?

Akatoka kuwatafutia chakula. Akaokota karanga, akazitia mashavuni. Na mashavu ya panya buku si kama yangu mimi au yako wewe, yale ni mifuko! Zinaingia karanga, zinaingia mbegu, anaingiza na kipande cha muhogo, na bado pana nafasi. Akakutana na Nungunungu, Nungunungu akamwambia pole kwa yaliyompata. Panya Buku akataka kujibu. "Mmh," akasema. Hakuweza kufungua mdomo, karanga zingemwagika zote. "Mmh," akasema tena, halafu akasimama palepale njiani. Macho yakamtoka. Akakimbia nyumbani, puu, akazitema karanga mbele ya watoto, akachukua kibuyu kitupu akakificha ndani ya kanga yake.

Kulipokucha, uwanja wa Kiboko ulijaa. Pipa limesimama katikati, limefungwa kitambaa chekundu kipana kama shuka. "Wiski ya miaka thelathini!" anapaza sauti Kiboko. "Pipa zima shilingi elfu! Glasi shilingi mia! Na nyie maskini, kionjo shilingi mbili, msije mkasema nina roho mbaya!"

Panya Buku akajipenyeza kati ya miguu ya watu. "Shikamoo, Bwana Mpimaji. Naomba kionjo."

"Marahaba. Wewe? Kionjo?" Kiboko akacheka mpaka tumbo likatetemeka. "Ya kwako mwenyewe unataka kuinunua?"

"Ndiyo, Bwana. Nami nionje ilivyogeuka kuwa ya miaka thelathini. Na kionjo ni mdomo mmoja uliojaa, au sivyo?"

"Ndivyo! Mdomo wenyewe huo? Tone moja unafurika. Panua!"

Akapanua. Kiboko akamimina: tu! "Umejaa?"

Panya Buku akatikisa kichwa. "Mm-mm."

Akamimina: tu tu tu! "Umejaa?"

"Mm-mm."

Akamimina: gudu gudu! Shavu la kulia likavimba. Gudu gudu! La kushoto likavimba. Watu wakaanza kusogea waone. "Umejaa, wewe?"

"Mm-mm."

Gudu gudu gudu! Kichwa cha Panya Buku kikawa kikubwa kuliko mwili. Ndipo akaitikia, "Mmh." Kiboko akazikwapua shilingi mbili, uso umemwiva.

Jamani, wiski ile ilimchoma! Mashavu yanawaka moto, machozi yanamtiririka, chafya imefika hapa, puani, inabisha hodi. Akipiga chafya tu, kwisha habari yake na ya watoto. Na wale wajuzi nao, ndiyo kwanza wanamzunguka.

"Haya, unasikia nini?" akauliza Ngiri.

"Mmh."

"Anasema anasikia lozi," akatafsiri Tumbili.

"Mm-mmh!"

"Na mdalasini."

"Mmmmh!" akasema Panya Buku, maana yake nipisheni, akachomoka kati ya miguu yao na kukimbilia nyuma ya mgomba. Fyuuu! Ikaingia kibuyuni yote, hata tone halikwenda kooni. Akapiga chafya yake sasa, kwa starehe: atchiya! Akafuta uso, akakiziba kibuyu, akarudi uwanjani amekikumbatia. Nungunungu, aliyekuwa amesimama pembeni kwa huzuni, alimwona alivyokwenda mnene na alivyorudi mwembamba. Miiba ikaanza kumsimama mmoja mmoja, lakini akanyamaza.

"Bwana Mpimaji," akasema Panya Buku, "nimeleta wiski nyingine."

Kiboko akageuka. Tamaa ilikuwa imeshamjaa, hata hakutazama mashavu ya mtu. "Nyingine? Ilikuwa wapi?"

"Kwangu, Bwana. Nilikuwa nimeibana."

"Lete hapa!"

Fuu! fuu! Bwaa! Gudu! Nyap! Akakunja uso. "Ya jana hii. Shilingi mbili!"

"Bwana, onja vizuri. Pengine ni ya miaka thelathini?"

"Miaka thelathini? Hii? Haina asali, haina moshi, ina harufu ya panya! Nasema mbele ya watu wote, ya jana, shilingi mbili, na sheria ni sheria!" Akazitupa zile shilingi mbili mchangani, ti! ti! Panya Buku akaziokota, akazipangusa vumbi, akamnyooshea Kiboko.

"Hizi hapa. Nipe pipa langu."

"Pipa gani?"

"Hilo hapo. Wiski uliyoonja sasa hivi imetoka humo. Umenimiminia wewe mwenyewe, watu wakitazama. Nilikuwa sijameza."

Tumbili akajipiga paji la uso. "Lo! Ndiyo maana alikuwa anasema mmh!" Na uwanja mzima ukaangua kicheko. Ngiri alilala chini, miguu juu. Kobe alicheka mpaka akaingia ndani ya gamba akaendelea kuchekea humo.

Kiboko akanyanyua mguu. "Nitakukanyaga!"

Panya Buku hakurudi nyuma hata hatua. "Nikanyage, Bwana, ila kwanza utaje bei. Ukisema ni shilingi mbili, sheria yako inasema nilipe nichukue, na pesa ninazo mkononi. Ukisema ni ya miaka thelathini, basi jana uliniibia. Na ukiwa uliniibia mimi, hawa wengine je?"

Swala akaacha kucheka. Kobe akatoa kichwa nje. Wote walioleta chupa zao wakamtazama Kiboko, wakasogea, na Nungunungu akawa mbele, miiba yote imesimama: cha! cha! cha! Kiboko akalitazama pipa. Akautazama umati. Akahesabu chupa zote alizonazo bandani. Mguu ukashuka polepole.

"Sh... shilingi mbili," akasema.

"Sijasikia!" akasema Kobe, ambaye husikia vizuri tu.

"SHILINGI MBILI!"

Vigelegele! Panya Buku akazitia zile pesa mkononi mwa Kiboko, akalisukuma pipa lake, kurukuru, kurukuru, na safari hii walimsaidia kusukuma watu ishirini. Nungunungu akashika neno lake. "Theluthi haimo," alisema, "lakini kwa kicheko nilichopata leo, ningekupa hata shimo la pili, basi tu mke wangu hataki." Jioni ile watoto wanne walikuwa kilimani, wanagombania nani alale karibu na mlango. Na mvua ikashuka, mvua ya masika yenyewe, na Panya Buku akakaa kibarazani pake pakavu akaitazama inavyonyesha. Alikuwa na furaha mpaka akaona haya.

Kiboko je? Asubuhi alifungua banda akakuta mstari. Swala, mashavu yamevimba. Kobe, mashavu yamevimba. Ngiri, mashavu yamevimba, ingawa yake yako vile siku zote. Kila mmoja kashika kibuyu. Jasho likamtoka Kiboko. Akisema shilingi mbili, na kama ni ya kwake mwenyewe? Akisema elfu, na kama ni ya Kobe? Akaonja kimoja, akanyamaza. Akaonja cha pili, akanyamaza. Tumbili akamwambia, "Chukua muda wako, mjuzi wetu." Hapo Kiboko akatupa kitambaa chekundu, akatimua mbio mpaka mtoni, chubwi! Kila mtu akaingia bandani akabeba chupa yake. Mpaka leo Kiboko hakai nchi kavu jua likiwaka, na mkimwona kapanua mdomo, bwaa, msidhani anapiga miayo. Anaomba kionjo, na hakuna anayempa.

Na mafunzo ya hadithi hii, wanangu, ni haya. Ukitiwa kitu mdomoni na mkubwa, meza, useme ahsante. Ni utovu wa adabu kubana vitu mashavuni. Bei ya kila kitu waachieni wenye midomo mikubwa, maana wao ndio wanaojua. Wote waliomeza siku zile kwa heshima walirudi nyumbani mikono mitupu, lakini mlisikia mtu akiwasema vibaya? Hakuna! Basi muwe kama wao.

Nimeimwaga yote, sikubakiza hata tone. Aliyeipenda aibebe.
— Tumeibeba!
Mmeimeza?
— Mmmmh!