Kiganja Chini ya Chokaa

Chokaa ya jana ndiyo ukuta wa leo. Mmenisikia nikimwambia hivyo yule fundi wenu wa rangi, mkacheka, mkauliza bibi kayatoa wapi maneno hayo. Basi wekeni simu chini mnisikilize, maana sirudii mara mbili. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Tungwa, na katika mji huo mtaa wa Mkunguni. Mtaa wote ulikuwa mweupe, kuta hadi baraza, na njia yake nyembamba hata wachukuzi wawili wa maji wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Mgeni akiingia humo adhuhuri hupunguza mwendo bila kuambiwa, akanyamaza kama aliyeingia msikitini. Katikati palikuwa na wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili, watu wakipita chini yake. Hakuna aliyejua nani alilijenga. Wazee waliwauliza wazee wao, nao walilikuta.

Desturi ya Mkunguni ilikuwa moja. Kila mwaka, Shaaban ikielekea ukingoni, kila nyumba hupaka ukuta wake chokaa, na brashi hushikwa na bi arusi aliyeolewa karibuni kuliko wote. Katika nyumba ya wikio bi arusi huyo alikuwa Mwanasiti, mke wa Shee. Akapaka mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwa kuwa Shee hakuwa na ndugu wa kumletea bi arusi mwingine. Mwaka wa nne akachoka. Mikono ilikuwa ikimchubuka, na kila akimaliza haoni tofauti yoyote.

"Nyeupe juu ya nyeupe," alimwambia mumewe. "Ukuta wenyewe umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Tukwangue yote, tupake mara moja vizuri, tupumzike miaka kumi."

Shee, ambaye hakuwahi kubishana na mkewe hata siku moja, akaenda kumwita Fundi Shali.

Mama yake Shee, Bi Tatu, hakuulizwa. Miguu ilikuwa imemkataa, mwaka wa pili hashuki ngazi, na chumba chake kilikuwa ndicho hicho cha wikio. Alipenda kulala pale asikie hatua za watu wakipita chini yake. Asubuhi hiyo alisikia kwaru, kwaru.

"Mwanasiti, panya gani hao?"

"Ni fundi, mama. Anakwangua chokaa kuukuu."

"Kuukuu," alisema Bi Tatu. "Haya."

Mwanasiti alikuwa chini, ameshika ngazi ya fundi. Vipande vilimwangukia miguuni, akaokota kimoja, na ubavuni mwake akaona mistari, mmoja juu ya mwenziwe, myembamba kuliko ukucha. Akaanza kuhesabu. Alipofika sitini hesabu ikampotea, na kipande hakijafika nusu. Kila mstari ulikuwa Shaaban moja. Kila mstari ulikuwa mwanamke fulani aliyechubuka mikono kama yeye, akaondoka duniani, na kazi yake ikabaki pale. Akakishika kile kipande kwa mikono miwili.

Juu, Fundi Shali akaacha kukwangua. "Bibi, hebu tazama hapa."

Ganda kubwa lilikuwa limebanduka zima zima. Chini yake chokaa haikuwa nyeupe, ilikuwa ya kijivu, na juu yake palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto, vidole vitano wazi, kama kilichobonyezwa jana.

Mwanasiti akapaza sauti kuelekea dirishani. "Mama, mwaka gani mlipaka kijivu?"

"Mwaka wa ndui," alijibu Bi Tatu. "Hapakuwa na watu wa kuchoma chokaa. Zamu ilikuwa yangu, nikaichanganya ile kidogo niliyokuwa nayo na majivu ya jikoni."

"Kuna kiganja cha mtoto hapa."

Bi Tatu akauliza toka juu: "Cha kushoto?"

"Cha kushoto, mama."

"Huyo ni Mize wangu, dada yake Shee. Nilimgombeza kwa kuniharibia kazi. Juma lile lile ndui ikamchukua. Mwaka uliofuata nilipaka hapo nimefumba macho."

Mwanasiti akalia pale pale njiani, bila kujificha. "Fundi, shuka," alisema. "Hapakwanguliwi tena hapa."

"Nisawazishe ukingo huu tu," alisema Fundi Shali, akagusa kwa patasi mara moja. Ukuta ukatema unga. Haukuwa wa mawe wala wa chokaa, ulikuwa unga wa mti, ukimwagika kama gunia la mtama lililotoboka. Fundi akaingiza mkono ndani, ukazama hadi kwapani. Akateremka taratibu mno, akasema kwa sauti ya chini.

"Boriti hakuna. Mchwa walikwisha kuimaliza, pengine kabla mimi sijazaliwa."

"Basi wikio limeshikwa na nini?"

"Na ganda hili la chokaa. Hakuna kingine. Ningeendelea hadi adhuhuri..." Hakumaliza. Alitazama juu, kwenye chumba cha Bi Tatu.

Shee na majirani walimtoa mama yake na kitanda chake, wakipitia nyumba ya pili, hatua baada ya hatua. Alipokwisha kutuliwa salama, wanawake wa Mkunguni wakaenda kila mmoja kuleta mtungi wa chokaa aliouweka kwa ajili ya ukuta wake mwenyewe. Wikio likategemezwa kwa magogo, boriti mpya ikaingizwa, shimo likajazwa mawe na chokaa. Mwaka ule nyumba nyingine hazikupakwa, na hakuna aliyenung'unika.

Kazi ilipokwisha, Mwanasiti alishika brashi ya makumbi ya nazi bila kukumbushwa. Akapaka ukuta wote hadi kwenye kile kiganja, hapo mkono ukasita. Bi Tatu alikuwa amebebwa kwa kiti, ameketi njiani akitazama.

"Nitamfunika, mama."

"Mfunike. Miaka yote hii nalala juu yake, kumbe ndiye aliyenishikia nyumba." Bi Tatu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Paka, mwanangu. Chokaa ya jana ndiyo ukuta wa leo."