Shingo za Vichupa vya Dhakwani

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham palikuwa na fundi wa vioo aitwaye Dhakwani bin Yasari, mtu mchamungu, mwingi wa sadaka, asiyekosa safu ya mbele msikitini. Mola wake alimfungulia riziki kwa ufundi ambao wenzake hawakuujua. Alitengeneza vichupa vidogo, akavitia marashi, kisha akaviziba midomo kwa moto, kioo kikashikana na kioo. Harufu haikuvuja hata kidogo. Aliyetaka kujipaka alivunja shingo ya kichupa kwa vidole, akajimiminia, akaenda zake.

Watu walivipenda mno. Nasi tunajuana, ndugu zangu: siku ya Ijumaa nani hataki kunukia? Wakawa wanavivunjia njiani, karibu na mlango wa msikiti. Shingo zikabaki mavumbini, wao wakaingia kuswali na kanzu zao safi.

Katika mji huo aliishi mjane, Bibi Atika, aliyeweka nadhiri tangu ujana wake kwamba hataiendea nyumba ya Mola wake ila kwa miguu mitupu. Ijumaa moja alikanyaga shingo ya kichupa. Kioo kilizama unyayoni, mguu ukavimba, tabibu akasema ukizidi hapo utakatwa. Mwenyezi Mungu akamnusuru. Lakini alipopona, watoto wake walimzuia kutoka. Kuvaa viatu ni kuvunja nadhiri, na kwenda bila viatu ni kujitia katika maangamizi. Akawa anamsikia mwadhini akiita, naye amekaa ndani analia.

Habari zilipomfikia Dhakwani, hakungoja kushtakiwa. Alikwenda mwenyewe kwa kadhi.

Kadhi akamuuliza, "Kichupa kilipotoka mkononi mwako kilikuwa kizima?"

"Kizima, ee kadhi."

"Basi dhima ni ya aliyekivunja na kukitupa. Nenda kwa amani, sheria haina neno nawe."

Dhakwani hakuondoka. Akasema, "Ee kadhi, mimi nilikiziba hata kisifunguke ila kwa kuvunjwa. Mnunuzi alifanya kile nilichomtengenezea akifanye. Kesho nikisimamishwa mbele ya Mola wangu, nikaulizwa juu ya mguu wa Atika, nitasema nini?"

Kadhi akasema kwa upole, "Hilo limepita hukumu yangu. Mwendee mwenye haki."

Akaenda, akasimama nje ya mlango wa Bibi Atika, akaomba radhi.

Bibi Atika akamjibu kutoka ndani, "Mwanangu, mguu nimekusamehe. Lakini njia siwezi kukusamehe, kwa sababu si yangu peke yangu."

Maneno hayo yalimwingia. Alirudi nyumbani, akazima tanuru. Tangu siku hiyo alionekana amepiga magoti njiani na chekeche, akichekecha vumbi la watu. Wenzake wakamcheka, wakasema tajiri wa marashi sasa ni mfagizi. Wanunuzi walipokuja kutaka vichupa aliwaambia, "Nileteeni kwanza zile shingo mlizovunja." Wengi waliondoka wamenuna. Vidole vyake vilichanjwa na vioo, akavifunga vitambaa, akaendelea. Hakuna aliyejua lini atamaliza, hata yeye mwenyewe.

Hatimaye akarudi mlangoni pale. "Mama, nimechekecha njia yote. Uwezo wangu umeishia hapo, na yakini iko kwa Mwenyezi Mungu."

"Basi Ijumaa hii nitatoka," akasema Bibi Atika, wala watoto wake hawakuweza kumrudisha.

Siku ile watu walisimama pande zote mbili za njia. Dhakwani alisimama mlangoni mwa msikiti, macho chini, akiomba dua. Bibi akaja polepole, miguu mitupu, na kovu lake. Karibu na mlango akasimama ghafla, akainua unyayo.

"Mama!" akalia Dhakwani, akaanguka magotini.

Bibi Atika akainama, akaokota kitu, akakiinua watu wakione. Kokwa ya tende.

"Hii nayo ina mwenyewe," akasema.

Mtu mmoja akatoka miongoni mwa watu, uso umemwiva kwa haya, akaipokea kokwa ile kwa mikono miwili. Kisha Bibi Atika akaingia kuswali.

Dhakwani aliwasha tena tanuru. Aliyeyusha shingo zile zile akatengeneza chupa zenye vizibo, na kila aliyenunua alimwambia, "Ikiisha, irudishe kwangu. Ni yangu hata ikiwa tupu."

Mimi kila nikifika pale bibi yule alipoinua mguu, mwili hunisisimka. Tunatengeneza, tunauza, tunasema yamekwisha, na kumbe kitu chetu bado kipo njiani kinamngoja mtu. Tumwombe Mola atujaalie, siku miguu itakapopewa kusema, usiwepo hata mguu mmoja wa kutushtaki.